Walinzi Watatu na Ubeti wa Tano

Kiomboi, Singida
Jumapili, 14 Januari 2024

Mwanangu Scholastika,

Tumsifu Yesu Kristo. Pokea salamu zangu na za nyumba nzima, yaani mimi na kuku kumi na wanne, maana wengine wote mmeshatawanyika. Mvua imenyesha vizuri, alizeti imeota mpaka nyuma ya choo ambako hakuna aliyeipanda. Dada yako Aneth na mumewe Emilian walikuja Krismasi kutoka Manyoni na wamerudi salama. Mzee Ignas wa besi amepona kikohozi, ila sasa anaimba kwa nguvu kuliko kabla hajaugua, na kwaya nzima tunamwomba Mungu ampunguzie kidogo.

Najua umeshtuka kuona mwandiko wangu. Ni mwaka mmoja na miezi mitano tangu uingie huko unovisi kujiandaa kuwa sista, na sijakuandikia hata mstari. Tusilizungumzie hilo. Siku ile unaondoka nilisema mguu wangu hautakanyaga huko, na Kiomboi nzima ilinisikia. Leo nina shida nyingine.

Kompyuta yangu inaganda!

Ni hiihii uliyonifungia mwenyewe ulipotoka chuo. Nafungua wimbo, naandika nota za sauti ya kwanza, ya pili, nikifika ya tatu kioo kinasimama. Mausi haiendi. Nabonyeza, wapi! Nasubiri mpaka chai inapoa, inazinduka, naandika nota mbili, inaganda tena. Skola, mimi nimefundisha darasa la kwanza miaka thelathini na moja, nina subira, lakini juzi nilimtukana waziri wa elimu wa zamani kwa sababu ya mashine hii.

Deo, yule fundi wa steshenari ya stendi, amesema dawa ni kufuta kila kitu na kupiga Windows upya. Nikamfukuza. Unakumbuka yule fundi mwingine aliyesema hivyohivyo, nyimbo zangu kumi na tisa zikaenda na maji? Sirudii.

Aneth ameniambia simu hamruhusiwi, barua mnajibu Jumapili ya kwanza ya mwezi. Basi nijibu. Nina wimbo mmoja ambao lazima uishe kabla ya mwezi wa nane. Usiniulize ni wimbo gani.

Ni mimi baba yako,
Mwl. Simeoni


Nyumba ya Malezi, Njombe
Jumapili, 4 Februari 2024

Baba mpendwa,

Milele amina, na shikamoo. Barua yako niliisoma nimesimama, nikaisoma nimekaa, kisha nikaisomea shambani kwenye viazi mpaka jembe likaniponyoka. Mama Mlezi wetu, Sista Magreth, ndiye anayesoma barua zote kabla hatujapewa. Aliponikabidhi yako aliniambia, "Scholastika, baba yako ameandika. Ni habari ya kompyuta." Halafu akageuka haraka akaenda dirishani. Nadhani alikuwa anacheka.

Huku baridi inauma hadi kwenye meno. Tuko wanovisi watano, tunaamka saa kumi na moja, tunalima, tunasali, tunaosha masufuria makubwa kuliko sisi. Nina furaha baba, na leo nina furaha zaidi.

Sasa mashine. Siwezi kuigusa, kwa hiyo mikono yangu ni wewe. Usifute kitu. Chukua daftari, na kila inapoganda andika ulikuwa unafanya nini na imeganda kwa muda gani. Tazama ile taa ndogo ya mbele ya sipiyu: inapepesa au inawaka mfululizo? Halafu tazama kona ya chini kulia ya kioo, karibu na saa. Kuna vipicha vidogo. Nitajie vyote, usiache hata kimoja.

Jambo moja la huku. Nadhiri zetu za kwanza zimepangwa tarehe 15 Agosti, sikukuu ya Bikira Maria Kupalizwa. Kila binti anasindikizwa na mzazi wake mpaka altareni, na mzazi ndiye anayesema kwa kinywa chake kwamba anamtoa. Asiye na mzazi anasindikizwa na sista mmoja. Nimekueleza tu ili ujue.

Mwanao,
Skola


Kiomboi
25 Februari 2024

Skola mwanangu,

Marahaba! Najua Kwaresima hampewi barua, na hii italala kwenye droo mpaka Pasaka. Mama Mlezi, kama wewe ndiye unayesoma mstari huu, Tumsifu Yesu Kristo, na unisamehe kwa usumbufu. Lakini mimi siwezi kusubiri Pasaka. Nimegundua mambo!

Nimechukua daftari la mahudhurio ya kwaya, nikageuza nyuma. Katika siku tisa imeganda mara arobaini na moja. Saa yangu ya ukutani unaijua tabia yake, kwa hiyo nimepima kwa kupiga mguu, mwendo wa wimbo wa kuingilia. Kuganda kwa kawaida ni mapigo mia mbili. Kule kubaya kabisa kulifika mia sita na kumi, mguu ukaingia ganzi nikashindwa kwenda kufungia kuku.

Sikiliza sasa. Nikikaa tu naitazama, haigandi. Nikifungua wimbo inaganda, nikihifadhi inaganda, na mwanakwaya akileta flashi, ndiyo kabisa. Taa inawaka mfululizo, haipepesi hata kidogo. Hii si bahati mbaya, ina utaratibu! Nimefurahi kama siku nilipoelewa kugawanya kwa njia ndefu.

Vipicha: kuna spika, kuna alama ya mtandao, kuna ngao ya kijani uliyoiweka wewe, na kuna mwavuli mwekundu aliouweka Deo mwaka jana kwa maelezo kwamba mashine inayopokea flashi za watu wengi inahitaji ulinzi wa kutosha. Basi, hivyo tu.

Mama yako Klara, apumzike kwa amani, angefurahi kuniona nachunguza hivi. Alikuwa akisema mimi huchunguza nota tu, chumvi kwenye mboga siioni.

Yale mengine ya barua yako nimeyasoma.

Baba yako


Njombe
Jumapili, 7 Aprili 2024

Baba,

Shikamoo, na Kristo amefufuka kweli! Jumatatu ya Pasaka Mama Mlezi alifungua droo, akanipa barua yako akisema, "Mapigo mia sita na kumi. Huyu mzee angefaa kuongoza malaika." Kwa hiyo na yeye sasa anaifuatilia mashine yetu.

Baba, tumemkamata! Ngao na mwavuli wote ni antivirusi, yaani walinzi. Ukifungua wimbo, ngao inaushika ili iukague. Mwavuli unaona kuna kitu kimeshikwa, unashtuka, nao unakishika ukikague. Hakuna anayemwachia mwenzake. Ni walinzi wawili kwenye geti moja wanaopekuana mifuko, na mwenye nyumba amesimama nje na mzigo kichwani. Ndiyo maana taa haipumziki, na ndiyo maana ukikaa bila kufanya kazi haigandi.

Abaki mlinzi mmoja. Mwondoe mwavuli hivi: bonyeza Start, andika Control Panel, ifungue, ingia kwenye Programs, tafuta jina la mwavuli, libofye, kisha bofya Uninstall. Itakuuliza kama una uhakika. Mwambie ndiyo. Ikimaliza, izime na uiwashe. Usifute tu kile kipicha cha juu ya kioo ukadhani umemaliza. Hicho ni kibao cha mlangoni, mwenyewe bado yumo ndani. Na ngao usiiguse, flashi za wanakwaya zinatoka kila mahali.

Sasa umeniambia wimbo una sauti ngapi? Una beti ngapi? Hujaniambia. Kuhusu Agosti nako sitauliza. Wewe ndiye uliyenifundisha kwamba anayeuliza mara mbili hatafuti jibu, anatafuta ushindi.

Skola wako


Kiomboi
21 Aprili 2024

Weee Skola!

Marahaba marahaba! Mwavuli umeondoka! Ilinichukua asubuhi nzima, nikakosea nikafungua kikokotoo mara tatu, lakini nimeuondoa. Iliponiuliza kama nina uhakika nilisema ndiyo kwa sauti, kuku wakatoka mbio. Nikazima, nikawasha, nikafungua wimbo. Ukafunguka! Nikaandika sauti zote nne za ubeti wa kwanza bila kusimama. Nilitoka nje nikamwita mzee Ignas kutoka barabarani aje aone. Akaona, akaimba besi yake palepale mlangoni, watu wakadhani kuna kipaimara.

Siku tatu, mwanangu. Siku tatu niliishi kama mfalme. Ya nne ikaganda.

Si kama zamani, lazima niseme ukweli. Sasa ni mapigo mia, yaani nusu. Lakini inaganda, na palepale, kwenye kufungua na kuhifadhi. Nilikasirika nikaifunika kwa kanga ya mama yako nisiione.

Wimbo una beti tano. Nimefika wa tatu. Alizeti imeanza kukauka, tutavuna hivi karibuni. Nisaidie haraka, kama "haraka" ipo huko kwenu.

Baba


Njombe
Jumapili, 5 Mei 2024

Baba yangu,

Shikamoo. Pole sana kwa siku ya nne. Nimeiwaza mashine yako wakati wa kufua, wakati wa kupalilia, na samahani, hata wakati wa rozari. Kuganda kumepungua kwa nusu. Kama tatizo lingekuwa mwavuli peke yake, kungeisha. Kama lisingekuwa mwavuli, kusingepungua. Unaona ninakokwenda?

Tufanye jaribio. Bofya alama ya kuzimia, halafu shikilia kitufe cha Shift usikiachie, ndipo ubofye Restart. Litakuja bango la bluu. Chagua Troubleshoot, kisha Advanced options, kisha Startup Settings, kisha Restart. Ikileta orodha yenye namba, bonyeza 4. Itaamka sura yake mbaya, herufi kubwa, kioo cheusi, usiogope. Hapo walinzi wote wamelala. Fungua wimbo, andika, hifadhi. Isipoganda humo, basi bado yupo mlinzi mwingine ambaye hatujamtaja.

Na hapa nauliza kwa heshima zote. Baba, mwalimu wangu wa darasa la kwanza, wewe uliyenifundisha kuhesabu kwa vijiti: karibu na ile saa, una uhakika vilikuwa vipicha vinne tu?

Skola

*Nami niongeze neno. Mwalimu Simeoni, kompyuta ya ofisi yangu nayo ilikuwa inaganda. Baada ya kusoma barua zenu nilitazama kona ya chini nikakuta walinzi wawili. Nimeondoa mmoja kwa kufuata maelezo ya binti yako, na sasa inakimbia. Mungu akubariki kwa daftari lako. Sista Magreth.*


Kiomboi
Jumapili ya Pentekoste, 19 Mei 2024

Skola,

Marahaba. Mwambie Mama Mlezi hongera.

Nimefanya jaribio. Herufi kubwa kama za ubaoni. Haikuganda hata pigo moja. Nikaandika ubeti wa tatu na wa nne wote, nikaona aibu.

Vipicha vilikuwa vitano. Ukibofya kile kimshale kidogo pembeni, kuna jicho la bluu. Nililijua tangu mwezi wa kwanza. Jicho lilikuja Krismasi na kuganda kulianza Krismasi; kabla ya hapo mashine ilikuwa nzito tu. Mtu hahitaji chuo kuliona hilo.

Ni la shemeji yako Emilian. Unajua anauza vifaa vya simu na kompyuta pale Manyoni. Siku ya pili ya Krismasi, mbele ya mzee Ignas na majirani, alisimama akasema, "Baba, nimekuletea ulinzi wa mashine yako ya nyimbo." Akaiweka mwenyewe, kisha akanipa karatasi yenye namba ya leseni ya mwaka mzima. Akanipa kwa mikono miwili, nami nikaipokea kwa mikono miwili.

Sasa nifanyeje? Kwetu alicholeta mkwe kwa mikono miwili hakitoki ndani bila mikono yake. Mimi mwenyewe nilipomwoa mama yako nilimpelekea babu yako mbuzi. Sikujua ni kichaa. Alikula mashati ya mzee kwenye kamba miaka sita, na mzee hakuniambia neno hata moja mpaka mbuzi alipojifia. Nikaja kuambiwa msibani. Mimi ni nani nimtupie Emilian jicho lake?

Nilikuficha kwa sababu ungeniambia, "Baba, ondoa." Kwenu mashine ni mashine. Nisamehe.

Baba


Njombe
Jumapili, 2 Juni 2024

Baba,

Shikamoo. Nimecheka mpaka nikapewa adhabu ya kuosha masufuria peke yangu, na nikaendelea kuchekea kwenye masufuria. Babu na mbuzi wako! Miaka yote hiyo nilidhani mashati ya babu yana nondo.

Sikuambii uondoe. Mimi ni mtoto wa nyumba hiyo pia. Sikiliza mpango wangu.

Leseni ya Emilian ni ya mashine moja. Ikitolewa hapo, namba ileile inafanya kazi kwingine. Huku tuna zahanati, na kompyuta yao haina mlinzi hata mmoja. Mwezi uliopita flashi ya mtu iliwaletea kirusi, majina ya wagonjwa yote yakajificha, masista wakahangaika wiki nzima. Basi mwite mkwe wako. Mchinjie kuku. Usimwambie jicho lake linakuumiza, maana si kosa lake. Peke yake ni mlinzi mzuri kabisa. Mwambie ukweli mwingine, kwamba kuna nyumba ya Mungu iko wazi, na mlinzi wako wewe amezidi. Mwombe alihamishe kwa mikono yake mwenyewe. Kitu cha mkwe hakitupwi, lakini nani amesema hakitolewi sadaka na mkwe mwenyewe?

Namba utaniandikia kwenye barua, nitampa Mama Mlezi. Amekubali kwa furaha, na anasema jogoo mkubwa asichinjwe.

Miezi miwili na nusu imebaki. Sijauliza kitu.

Skola


Kiomboi
20 Juni 2024

Skola, Skola, Skola!

Marahaba! Kaa chini usome!

Walikuja Jumapili. Nilichinja kuku, Aneth akapika ugali wa mtama na mlenda, tukala tukashiba. Mzee Ignas alikuwepo kama shahidi. Nikasimama, nikakohoa, nikaisema hotuba yako yote ya nyumba ya Mungu iliyo wazi. Mwanangu, niliisema vizuri! Ignas alitoa machozi. Emilian akasema, "Baba, hiyo ni heshima kwangu. Kumbe jicho langu litalinda wagonjwa." Akanawa mikono, akaketi, akaliondoa mwenyewe. Akazima, akawasha.

Skola, inapaa! Nafungua wimbo kabla sijamaliza kubofya, umeshafunguka. Nahifadhi, nangoja kwa mazoea, kumbe imeshahifadhi zamani. Nilichomeka flashi za wanakwaya sita mfululizo kwa furaha tu. Mguu wangu ulitafuta pigo la kuhesabu ukakosa. Niliruka! Mtu wa miaka sitini na minane nimeruka sebuleni na Aneth ameona.

Lakini mkwe ana akili kuliko nilivyodhani. Alipomaliza aliichukua ile karatasi ya namba, akanirudishia kwa mikono miwili, akasema, "Baba, ninakubali kwa sharti moja. Nilikukabidhi kwa mikono miwili, nawe uikabidhi huko kwa mikono miwili. Si kwa posta, wala si kwa katekista. Kitu cha mkwe hakitumwi." Wakati anasema hivyo Aneth alikuwa anatazama ukutani kana kwamba kuna kitu kimeandikwa.

Nimekaa na karatasi mfukoni siku ya nne leo. Nimefungwa kwa mila zangu mwenyewe. Nafikiri.

Wimbo umebakiza ubeti wa tano.

Baba


Njombe
Jumapili, 7 Julai 2024

Baba mpendwa,

Shikamoo. Nilisoma barua yako kwa sauti mbele ya wenzangu wanne kwa ruhusa ya Mama Mlezi, na uliporuka, na sisi tuliruka. Mshukuru Emilian. Mwambie shemeji yake atamkumbuka katika sala kila siku, na atamkumbuka pia kwa ujanja wake.

Nikupe habari ya huku, nikikaa nayo nitapasuka. Wiki hii tumeanza mazoezi ya wimbo mpya wa siku ya nadhiri. Mama Mlezi ametugawia karatasi zilizochapwa, hazina jina la mtunzi. Mimi ninaimba sauti ya pili. Baba, ni wimbo mzuri mno. Besi inatembea pole kama mtu aliyebeba maji kichwani, na sauti ya tatu, ile ya tena, inarukaruka kama mbuzi aliyeona mashati kwenye kamba. Ninamjua mtu mmoja tu duniani anayeitesa sauti ya tatu namna hiyo. Siku ya kwanza sikuweza kumaliza ubeti wa pili, nikasingizia baridi.

Karatasi ina beti nne. Chini pameandikwa tu: *Ubeti wa 5, mzazi.* Maneno hayapo. Tumemuuliza Mama Mlezi, akajibu kwamba mashine ya mtunzi ilikuwa na matatizo. Lakini mimi najua mashine ya mtunzi inapaa tangu tarehe 16 Juni.

Hii ndiyo barua yangu ya mwisho kabla ya siku yenyewe. Tarehe 6 Agosti tunaingia mafungo ya kimya, hatusemi, hatuandiki, hatuonani na mgeni yeyote mpaka asubuhi ya nadhiri. Sista mmoja mzee amepangwa anisindikize iwapo itahitajika. Ni mpole, mkono wake una joto. Nilisema sitauliza, na sijauliza. Nasema tu kwamba ningependa uwe wewe.

Nakupenda baba, mashine iwe nzima au iwe mbovu.

Skola wako


Chumba cha wageni, Nyumba ya Malezi, Njombe
14 Agosti 2024, saa kumi jioni

Mwanangu Skola,

Marahaba ya barua yako ya Julai. Sikuijibu kwa sababu kila nilipoanza nilichana.

Niko hapa. Kati ya dirisha langu na kanisa lenu dogo ni hatua themanini, nimezihesabu. Nimewaona mkipita watano kwa mstari, vichwa chini, nami nikakujua kwa mwendo. Nilitaka kuita, Mama Mlezi akanishika mkono akasema mafungo ni mafungo. Lakini amekubali kuiweka barua hii juu ya shela yako mpya, uikute kesho utakapokwenda kuvaa.

Nimekuja kwa basi siku mbili, Kiomboi, Singida, Dodoma, Iringa, mpaka kwenye baridi hii isiyo na adabu. Nimeleta jogoo, ameshagombana na wa masista na ameshinda. Aneth na Emilian wanafika usiku. Mchana huu nilikabidhi karatasi ya mkwe kwa mikono miwili, Mama Mlezi akaipokea kwa mikono miwili, tukaliweka jicho kwenye kompyuta ya zahanati. Yeye alibofya, mimi nilipiga mguu. Haikuganda hata pigo moja! Sista wa zahanati alipiga vigelegele, na mimi nikajisikia kama fundi mkuu wa mkoa.

Sasa nikuambie. Wimbo ni wangu, beti nne nilimtumia Mama Mlezi kwa siri, na ni wako. Niliuanza Desemba, Aneth aliponiambia tarehe. Nilikuwa bado nimekasirika, lakini nota zilikuja zenyewe. Baada ya mama yako kufa nilibaki na wewe pale mezani, mimi naandika, wewe unarekebisha mashine. Ulipoondoka niliogopa nyumba tupu, nikaiita hofu hiyo msimamo. Hivyo ndivyo ilivyokuwa. Sina maneno mazuri zaidi.

Na ubeti wa tano. Kila nilipoukaribia mashine iliganda, nami nililalamika sana kwako, lakini moyoni nilishukuru kidogo. Maana ubeti huo una neno moja ambalo sikuweza kuliandika. Emilian alipoondoa jicho nilikaa mbele ya kioo siku nzima. Mashine ilikuwa nzima kabisa. Aliyeganda nilikuwa mimi.

Nimeuandika leo hapa, kwa kalamu, kwenye daftari la mapigo. Mama Mlezi amesema hautachapwa, nitauimba peke yangu nikiwa nimekushika mkono, na ndani yake nitasema kwamba ninakutoa. Nakutoa kwa furaha, Skola. Nimelijaribu neno hilo hapa chumbani mara nyingi na sauti imetoka, ingawa si kila mara.

Basi kesho, mkimaliza ubeti wa nne na ukasikia kimya, usigeuke na usiogope. Usihesabu mapigo. Nitakuwa navuta pumzi.

Baba yako,
Simeoni